Omba kutumwa mkate: namna ya kuujua mji wa Unguja kwa mdomo ukiwa mgeni wa shangazi

Mara ya kwanza nilipokwenda Unguja kumtembelea shangazi yangu anayeishi mtaa wa Mwembetanga, nilishuka botini karibu na adhuhuri, nikaweka begi, nikaaga kwamba natoka kidogo kunyoosha miguu. Miguu ikanipeleka mtaa wa Vuga kwenye urojo, ile supu ya manjano ya Unguja. Nikala bakuli la kwanza, nikaongeza la pili, na njiani narudi nikasimama kwa muuza mishikaki. Kuingia ndani nakuta mkeka umeshatandikwa, wali wa nazi unafuka mvuke, mchuzi wa pweza uko kwenye bakuli lile la maua linalotolewa kwa wageni tu. Nikachota vijiko vitatu nikavizungusha kwenye sahani. Shangazi akanitazama.

"Mwanangu, huumwi?"

Nikasema naona boti imenichafua tumbo. Akaenda kunichemshia tangawizi, nami nikainywa yote juu ya bakuli mbili za urojo, kama adhabu. Usiku, tukiwa tumelala, akaniambia gizani: "Huo urojo wa Vuga una pilipili nyingi. Kesho ntakuonyesha wa hapa karibu."

Tangu siku hiyo nimekwenda mara nyingi, na haya ninayoyaandika ni kwa ajili ya mtu mwenye ndugu Unguja, anayetaka kuzijua hoteli na tanuri za mji bila kumfanya mwenyeji aone kwamba jiko lake limedharauliwa. Ukilala kwenye nyumba ya wageni, fanya utakavyo. Ukilala kwa shangazi, mambo yana utaratibu.

Kwanza: siku mbili za mwanzo kula nyumbani tu

Hili halina mjadala. Chakula cha siku ya kwanza kimepangwa kabla hujakata tiketi, na huenda pweza alipondwa tangu jana. Kula, sifu, omba kuongezwa. Wakati unakula, uliza maswali: "Huu mkate mmenunua wapi?" "Haluwa hii ya nani?" Watu wa Unguja watakusimulia habari za mkate kama wanavyosimulia habari za ukoo: nani alikuwa akiupika vizuri, nani amerithi, nani siku hizi ameanza kupunguza tui. Chukua maelezo hayo, kwa sababu huwezi kuyapata kwa mtu mwingine. Mimi huyaandika kwenye simu nikijifanya najibu ujumbe.

Pili: siku ya tatu omba kutumwa

Sote tunaujua msemo wa mgeni siku mbili na ya tatu mpe jembe. Mjini hakuna jembe, kwa hiyo omba kikapu. Mwambie mwenyeji, "Shangazi, leo mkate nafuata mimi." Atacheka, maana kutumwa mkate ni kazi ya watoto, halafu atakukatalia mara moja au mbili kwa adabu. Shikilia. Akikubali umepata mambo matatu kwa mpigo: sababu ya kutoka, jina la muuzaji anayeaminika, na mtoto wa kukusindikiza.

Huyo mtoto usimkatae hata kidogo. Mimi nilipewa mtoto wa binamu yangu, wa miaka tisa, na kwa jioni moja alinifundisha kuliko ramani yoyote ya simu. Ramani inapotea kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, yeye hapotei. Anajua mama gani anatoa nyongeza, kijana gani anauza mkate wa jana kama wa leo, na kona gani ya kupita ili usikutane na mbwa. Malipo yake ni kipande cha kashata na wewe kutosema kwamba alikula njiani.

Kikapu ni cha lazima. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar hata kabla ya Bara, ambako marufuku ilianza tarehe 1 Juni 2019, na muuzaji atakufungia mkate kwenye gazeti. Gazeti na mkate wa moto wenye tui ni maadui: ukifika nyumbani unasoma habari za michezo kwenye mkate. Beba kitambaa safi cha kufunikia. Kama unafuata mchuzi au maharage, beba na bakuli lako.

Tatu: jifunze mikate kwa majina

Hapa ndipo mtu wa Bara anapochekwa. Kwetu ukisema mkate, mtu anafikiria ule wa slesi dukani. Unguja ukisema mkate utaulizwa: upi?

Boflo ndio wa kila siku, mrefu mdogo, ganda gumu kidogo na ndani laini. Utauona asubuhi na mapema na tena mchana kwenye vikapu pale Darajani, nje ya soko lile la mwaka 1904, na kwenye baiskeli zinazopita mitaani. Hupasuliwa ubavuni ukatiwa kababu, yai au mbatata (viazi mviringo, kwa wenzangu wa Bara) na chatini, au huchovywa tu kwenye chai. Unanunuliwa wa kula siku ile ile. Kesho yake unakuwa rungu, na hapo shangazi huukata vipande, akauchovya kwenye mayai yenye iliki na kuukaanga.

Mkate wa Ajemi jina lake linakwambia ulikotoka: Ajemi ni Uajemi, nchi ya Iran ya leo. Ni wa duara, bapa, laini, na kazi yake hasa ni kubeba mchuzi. Mkate wa mofa hubandikwa ubavuni mwa tanuri la udongo. Asili yake ni unga wa mtama, ingawa siku hizi ngano imeingia. Huu hauonekani kila kona. Ulizia kwa wazee, na ukiambiwa yuko mtu anaupika, usiahirishe hadi kesho.

Sasa mkate wa ufuta. Huu nataka niusimulie polepole, kwa sababu kuutazama ukipikwa ni nusu ya utamu wake. Yule mama tuliyepelekwa kwake alikuwa amekaa kwenye kibao, jiko la makaa mbele yake, beseni la unga pembeni. Unga si mgumu kama wa chapati wala si maji kama wa chila. Umelegea, unavutika, una tui la nazi na hamira, na umeumuka hadi unatoa mapovu. Alichovya mkono kwenye maji, akachota donge, akalibwaga kwenye kikaango cha moto na kulitandaza kwa kiganja mpaka kingo. Yale maji ndiyo gundi. Unga ulipoanza kushika chini, akapaka juu ute wa yai, akanyunyiza ufuta, kisha akakishika kikaango kwa mpini na kukigeuza chote juu chini, uso wa mkate ukielekea makaa. Mimi nikanyoosha mkono kuudaka. Haukuanguka. Ulining'inia pale juu ya moto, ukavimba, ufuta ukaanza kupasuka na kubadilika rangi, na watoto wote waliokuwa kwenye foleni wakanicheka.

Kwenye foleni hiyo hiyo nilijifunza kwamba hupewi mikate kwa kuwa umefika mapema. Unapewa kwa kuwa umeagiza. Watu huacha oda na vyombo vyao alasiri, wakarudi kuvichukua kabla ya magharibi. Ukifika saa kumi na mbili na hujaagiza, utaona mikate ishirini na hakuna hata mmoja wako. Mtoto niliyekuwa naye alisema tu jina la shangazi, na mitano ikatoka chini ya kitambaa.

Mkate wa kumimina nao ni habari nyingine. Unapikwa kwa mchele: hurowekwa usiku kucha, ukasagwa na tui, ukatiwa hamira, sukari na iliki, ukaokwa kwa moto wa chini na makaa yaliyopaliwa juu ya kifuniko. Kwa hiyo anayetaka kuula Ijumaa anazungumza na mpishi Jumatano au Alhamisi. Wangazija wanao ndugu yake, mkate wa sinia, na ukitaka kuona wanawake wawili wakibishana kwa upole, mmoja Mngazija na mmoja wa Unguja, uliza upi ulianza. Usiulize kama una haraka.

Ukishayajua majina haya utaona kwamba menyu nzima ya mji imeandikwa na pepo za msimu. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi, na vyakula vikabaki: biriani na sambusa zenye majina ya Kiajemi, chapati na bajia kutoka India, haluwa ya Waarabu. Lakini vyote vilipitia jikoni kwa mama wa Kiswahili akavitia nazi. Kachori ya Unguja ni mfano mzuri. Ni donge la mbatata zilizopondwa, likachovywa kwenye unga wa dengu na kukaangwa, na Mhindi atokaye India anaweza kulila na kufurahi bila kutambua kwamba linaitwa kachori.

Nne: urojo, na namna ya kuuagiza

Nenda saa kumi jioni hivi, tumbo likiwa na nafasi na chakula cha usiku bado kiko mbali. Supu ya urojo ni nyepesi, ya manjano, imefungwa kwa unga na ina ukali wa embe bichi, ukwaju au ndimu. Ndani yake huingia mbatata za kuchemsha, bajia, kachori, yai, mshikaki mmoja au miwili, chatini ya nazi, na juu kabisa muhogo uliochanwa mwembamba na kukaangwa mpaka ukakauka. Wengine huuita miksi.

Sema mapema unachotaka. "Nitilie kila kitu, pilipili kidogo" ni sentensi inayotosha. Pilipili ya kidogo ya Unguja ni ya kutosha. Usijaribu ya kawaida siku ya kwanza. Kula haraka, kwa sababu ule muhogo una dakika tatu za uhai kabla haujalowa. Ukiona mtu anapiga picha bakuli lake huku muhogo unazama, huyo ni mgeni, msamehe. Ukimaliza, rudisha bakuli mwenyewe na useme ahsante, bi mkubwa.

Kuhusu usafi nina kanuni mbili tu. Natazama vyombo vinaoshwa kwenye nini, na natazama wanaokula ni akina nani. Kibanda kilichojaa watu wa mtaa huo huo, wenye sare za shule na kanzu za kazini, kitu hakilali pale. Kibanda chenye wageni watupu sikihukumu, ila napita.

Tano: hoteli, na swali la nani wa kwenda naye

Shangazi usimpeleke hoteli. Nilijaribu. Nilimwambia twende Lukmaan pale Mkunazini, chini ya mbuyu, karibu na kanisa kuu la Waanglikana, ambako vyakula vimepangwa mbele yako nawe unanyoosha kidole: wali huu, samaki yule, mchicha, maharage ya nazi. Ni mahali pazuri kwa mtu anayetaka kuonja vyakula vingi vya nyumbani kwa mara moja. Jibu lake: "Nikale wali wa watu na wangu upo?" Na ukilifikiria, ana haki. Chakula kizuri cha hoteli ya namna ile ni kile kinachofanana na cha kwake.

Kwa hiyo hoteli nenda na binamu zako vijana, mchana wa siku ambayo mwenyeji ana shughuli: arusi ya jirani, maulidi, zamu ya hospitali. Mwambie tangu asubuhi, "Leo usitupikie, pumzika." Ukimwambia saa saba nazi imeshakunwa.

Ijumaa usipange kitu mchana. Maduka mengi yanafungwa kwa ajili ya swala, na siku hiyo nyumbani ndiko kwenye pilau au biriani.

Sita: kahawa

Sokomuhogo, kwenye ile njia panda iitwayo Jaws Corner, utakuta baraza za pande zote, watu wanacheza bao na dhumna, wanabishana siasa na mpira, na muuza kahawa ana dele lake, birika la kahawa, juu ya makaa. Vikombe ni vidogo, kahawa ni chungu, sukari haitiwi. Utamu unaupata kwenye kashata unayotafuna pembeni. Mimi ni mwanamke, na pale aghalabu ni wanaume watupu. Nilinunua, nikanywa nimesimama ukutani na binamu yangu, na aliyetuhudumia alituita dada kwa heshima. Hakuna aliyenikataza kukaa. Hakuna aliyenisogezea nafasi pia. Ukitaka kahawa ya kukaa kitako, ya wanawake, basi ni ile ya ukumbini kwa shangazi, jioni, majirani wakiingia mmoja mmoja, kila mmoja na sahani yake ya visheti au vileja.

Forodhani, kwa kifupi

Nenda mara moja, usiku, na familia nzima, kwa ajili ya upepo wa bahari. Bustani ilitengenezwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2009, watoto wana pa kukimbia, na juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu ni ya kusifiwa. Vyakula vya baharini vinavyopangwa mezani vinapendeza macho, lakini bei yake huulizwa kabla mshikaki haujagusa moto. Niliwahi kusahau kuuliza, nikalipa mshikaki mmoja wa kamba kwa fedha ambayo Mwembetanga ingenilisha siku nzima, na muuzaji akaniambia hiyo ni bei ya dada yake. Ukiongea Kiswahili chako cha Bara watakujua pia, usijidanganye. Mwache binamu aongee.

Kile kiitwacho pizza ya Zanzibar, chapati nyembamba iliyokunjwa na yai na nyama ndani, mpe mtoto. Ataipenda.

Ukifika mwezi wa Ramadhani

Mambo yote niliyosema hapo juu yanageuka. Mchana hoteli nyingi zimefungwa na hakuli mtu hadharani, uwe Mwislamu usiwe. Lakini kuanzia alasiri mji unanukia wote: mkate wa kumimina, mkate wa ufuta, sambusa, kaimati. Foleni ya mkate inakuwa ndefu mara tatu, na hapo ndipo kutumwa kunakuwa msaada wa kweli kwa mwenyeji aliyefunga. Majirani wanapelekeana sahani kabla ya adhana. Ukiona sahani ya jirani imeingia, usiioshe ukairudisha tupu. Tia chochote, hata tende nne. Mimi niliirudisha tupu mara moja, imeng'arishwa, na shangazi akampigia simu jirani kuomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima.

Mwisho: cha kubeba

Haluwa inasafiri. Ni wanga, sukari, samli na viungo vilivyokorogwa saa nyingi kwenye moto hadi vikawa kitu kimoja kinachonata, na haihitaji friji njiani. Ile inayotoka Pemba ina wapenzi wake, na wengi wataitafuta imefungwa kwenye kikapu kidogo cha ukili. Onja kwanza, muuzaji wa haluwa asiyeonjesha si wa kununua kwake. Kashata, visheti, mabuyu na achari ya embe pia hufika salama, ila achari ifunge mara mbili, na usiiweke karibu na nguo nyeupe.

Mkate wa ufuta haufiki Morogoro ukiwa na hali nzuri. Nimejaribu mara mbili. Mara ya pili shangazi alinifungia mitatu kwenye kanga yake ya zamani, bado ya moto, na boti ilikuwa haijavuka hata kisiwa cha Chumbe nilipoufungua wa kwanza. Mzee aliyekaa jirani yangu alinusa, akageuka, akaniuliza nimeununua kwa nani. Nikamtajia mtaa na kona. Akanyoosha mkono.